Mgeni Aliyeulizia Tabia Zangu

Shinyanga Mjini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naomba Mungu barua hii ikukute na nguvu zako, na lile goti liwe limeacha kukusumbua sasa mvua zimepungua. Mimi mwilini ni mzima. Moyoni siyo sana, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utashangaa kuona katekista anakusomea badala ya kaka Masanja. Nimeituma kwa anwani ya kanisa makusudi, na ninamwomba katekista asome yote bila kuruka, hata pale penye aibu. Kaka nampenda. Lakini humu kuna jambo linalomhusu, na sikutaka lipitie mdomoni mwake kwanza.

Mama, viza yangu iko hatarini. Unakumbuka nilivyokueleza siku naondoka hapo nyumbani Kharumwa: nafasi ya chuo kikuu huko Bulgaria nimeshapata, pasipoti ninayo, picha ya kifua nimepiga hospitali na imetoka safi. Kilichobaki ni viza tu, yaani ruhusa ya wenye nchi yao niingie kwao. Karatasi zilikwenda ubalozini Dar es Salaam, nami nikaambiwa nikae kwa Shangazi nisubiri.

Nikakaa. Shangazi ananitunza, siwezi kusema uongo. Ananipikia mlenda wa karanga na hanitumi mbali. Ila tangu nifike, akinitazama naona kama mtu anayepima ndama mnadani. "Umenenepa, Kabula," ananiambia. "Sasa umekuwa mtu." Halafu anacheka peke yake. Wanawake wenzake wakija kusukana nywele uani, nikitokea tu wananyamaza, mmoja anaanza kuulizia bei ya chumvi.

Juma lililopita jirani yetu Mama Hadija, yule anayeuza vitumbua, aliniita kwenye uzio.

"We Kabula, hebu njoo. Kuna mtu mzima kapita kwangu na baiskeli, suti kavaa, anakuulizia."

"Ananiulizia nini?"

"Kama una adabu. Kama kwenu kuna kifafa au ukoma. Kama umewahi kuzaa. Kama una mtu." Akapiga makofi. "Hongera mwanangu! Nimemwambia mtoto huyu mpole, hata sauti yake mimi siijui. Labda kuku wangu ndio wanaijua."

Mama, wewe unajua kuliko mimi. Kwetu mtu akizunguka kwa majirani kuulizia kifafa na ukoma, hatafuti mgonjwa, anatafuta mke. Si ndivyo walivyokupeleleza wewe? Umenisimulia mwenyewe jinsi watu wa ukoo wa marehemu Baba walivyoshinda kijijini kwenu wakijifanya wanatafuta ng'ombe aliyepotea, kumbe wanakutazama unavyotwanga.

Nikarudi ndani nikamkuta Shangazi amefunga jogoo miguu. Nikamwuliza mgeni ni nani.

"Mgeni ni mgeni," akasema. "Ameagiza kwamba atapita kesho. Vaa lile gauni la bluu."

Hapo nikaona nimeshauzwa. Sikulala vizuri. Kukataa mbele ya mtu mzima siwezi, unanijua, ulimi unakauka. Basi nikawaza: kama siwezi kumkataa, nifanye yeye ndiye anikatae.

Alifika mchana, mtu wa makamo, mpole, anapangusa vumbi la viatu kabla ya kuingia. Sikupiga magoti. Sikumpa hata shikamoo. Maji nilimpa kwa mkono wa kushoto, nimesimama wima kama mlingoti. Shangazi alinitolea macho mpaka nikaogopa yatadondoka. Ugali niliupika mimi, nikauepua ungali mbichi, una madonge. Mgeni akamega, akatafuna polepole, akameza kwa heshima. Nami nikaanza kukohoa.

"Kikohozi hicho kimeanza lini, binti?" akauliza.

"Cha zamani," nikasema. "Ni cha ukoo."

"Usimsikilize huyo!" Shangazi akadakia. "Ni vumbi la pamba, msimu huu mji mzima unakohoa. Eti, na upande wenu, mna ng'ombe?"

Yule bwana akashangaa. "Ninao wawili wa maziwa, mama. Kwa nini?"

"Wawili!" Shangazi akalitazama bakuli la nyama kana kwamba anataka kumrudisha jogoo bandani.

Halafu mgeni akanigeukia. "Binti, nikuulize bila kuficha. Una mchumba?"

Nikakusanya ujasiri wangu wote wa tangu kuzaliwa. "Ninaye. Ni mchimbaji wa dhahabu, yuko Nyarugusu."

Mama, naapa nilibuni. Nyarugusu ilinijia tu kichwani kwa kuwa huko wanaume wanasemwa wana fedha. Lakini Shangazi upawa ulimponyoka mkononi. Akasema, "Nani kakwambia?"

Mgeni hakumsikia au alijifanya hakusikia. Alinawa mikono, akashukuru kwa chakula, akasema, "Basi, majibu nimepata. Nitayapeleka ofisini."

"Ofisi gani?" akauliza Shangazi.

"Ofisi ya elimu, mama. Sikujitambulisha? Huyu binti ameomba viza. Wenye nchi wanataka uhakika wa afya yake na tabia yake, na kwamba hajaahidiwa kuolewa, maana masomo ni ya miaka mingi. Hatutaki mtu aitwe nyumbani akiwa katikati. Sasa nimemkuta ni mgonjwa, na mchumba anaye."

Nilianguka magotini pale pale.

"Ahaa," akasema, "sasa ndiyo unapiga magoti?"

Nikamweleza yote huku nalia, kuanzia kwa Mama Hadija. Shangazi naye akakiri kwamba alidhani ni mshenga, ndiyo maana akachinja. Yule bwana alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Tatizo ni hili, binti. Muda ule ulikuwa na mchumba, muda huu huna. Kikohozi kilikuwa cha ukoo, sasa ni cha kuigiza. Nikuamini lini? Kifua kina picha yake hospitali, nitakwenda kuitazama. Lakini uchumba hauna picha. Mzazi wako aje aseme mbele yangu kabla mwezi huu haujaisha. La sivyo nitapeleka nilichosikia."

Alipoondoka nilimfuata Shangazi jikoni. Nikamwambia, "Ulisema, 'Nani kakwambia?' Aniambie nini?"

Akaendelea kusugua chungu. Nikarudia. Ndipo akasema bila kugeuka, "Kamwulize mama yako. Kwani wewe unafikiri Masanja ataoa kwa ng'ombe wa nani?"

Tangu siku hiyo hatujazungumza zaidi ya salamu.

Mama, sikusingizii. Lakini sasa kila kitu nakitazama mara mbili. Katika barua yake ya mwisho kaka aliniambia wamepanua zizi. Nilifurahi, nikadhani ng'ombe wetu amezaa. Aliniambia pia mlipata wageni kutoka upande wa Geita, huko huko iliko Nyarugusu, wakalala, ila hakusema ni akina nani wala walikuja kufanya nini. Siku ile nilisoma haraka haraka. Jana nimesoma tena, neno kwa neno.

Sitaki unijibu kwa barua, maana barua ataandika mtu mwingine, na sitajua lipi ni lako na lipi ni lake. Njoo wewe. Panda basi mpaka Kahama, ulale kwa jamaa wa katekista, kesho yake uje Shinyanga. Nitakupokea stendi. Yule bwana atakuuliza neno moja tu, kama nimeahidiwa kwa mtu, nami nitakuwa nimesimama hapo ninasikiliza. Kama hakuna kitu, useme hakuna, na viza itakuja. Kama ng'ombe wa mahari yangu wameshaingia zizini, basi niambie wewe mwenyewe stendi, kabla hatujafika ofisini, nijue naingia mle kusema nini. Usiniache niyasikie mbele ya mgeni.

Nisalimie Bibi, umwambie michembe ya viazi aliyonifungia bado ipo kidogo, naila kwa kuibania. Mdogo wangu Nkwimba mpe pole ya shule, aendelee kusoma. Mjomba anayechunga ng'ombe wetu msalimie pia, na katekista namshukuru kwa macho yake na kwa kutunza siri. Kaka Masanja salamu zake ninazo, lakini nitampa nikishakuona wewe.

Ni mimi mwanao, natumaini bado ni wako na si wa mtu mwingine,

Kabula