Maji ya Chumvi Kambini

Mwende mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Matiliku. Babako amepona kifua, na mbaazi zimekomaa. Umeniuliza mtaanzia wapi, sasa kwa kuwa kampuni yenu imenunua kambi ya likizo iliyokaribia kufungwa.

Nikiwa msichana nilifua mashuka kwenye kambi kama hiyo karibu na Emali. Wageni waliacha kuja, kisha matajiri kutoka Nairobi wakainunua. Tulijua tutafutwa kazi. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alituita sote akauliza, "Kwa nini wageni hawarudi?"

Meneja alilaumu barabara. Mimi nikasema, "Mama, maji ya kuoga ni ya chumvi. Wageni wanatoka bafuni wakijikuna. Huwa wananiambia nikichukua mashuka."

Meneja alinikazia macho. Yule mama aliingia bafuni, akanawa uso. Wiki hiyo wakaanza kuleta maji matamu kwa lori, na polepole wageni wakarudi.

Nilikuwa nimefua pale miaka minne, Mwende. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza neno.

Mungu akutangulie kazini.

Susu wako, Kalekye