Droo Sita za Stoo ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu. Sisi huku tunapumua. Wifi yako kikohozi kimemwachia, na watoto wanamuulizia shangazi yao kila wakiona begi. Mama bado yuko wodini. Wamempa kitanda cha dirishani, nyonga inaunga polepole, na jana alimaliza uji wote akamlalamikia muuguzi kwamba sukari haitoshi, kwa hiyo mdomo ni mzima.

Utashangaa kuona mwandiko wangu wakati simu zipo. Ukweli ni kwamba kwenye simu, ukiniuliza tu habari za mama, uongo unanitoka kabla sijafikiri. Kwenye karatasi nauona, naukata.

Uliniuliza mambo mawili: mama atarudi lini nyumbani kwake, na kama zile droo zinamsaidia. Naanza na droo.

Unakumbuka wewe ndiye uliyesema tumtengenezee stoo ya kuvuta pale jikoni, asiendelee kuinama na magoti yale anayoyalalamikia. Ukanitumia picha ya vikapu vya waya. Nilivikataa, maana pakiti ndogo hupenya na kuangukia chini. Nikachagua droo za mbao zenye kina kifupi, ili kitu kisijifiche nyuma ya kingine. Reli ndizo zilizonisumbua. Za bei rahisi huishia katikati, unabaki kupapasa nyuma. Nikachukua zinazotoka mpaka mwisho, laini, zisizo na kelele hata kidogo. Mwenye duka la vifaa aliniapia kwamba zingembeba hata mama mkwe wake, na mama mkwe wake namjua.

Nikampima mama kama fundi cherehani: kiwiko chake akisimama, goti lake akikaa, mkono wake unafika wapi. Nikang'oa rafu za baba. Wewe mwenyewe unajua marehemu baba aliweza mambo mengi lakini mbao zilimshinda. Moja ilikuwa imepinda, nyingine ina fundo kubwa katikati, ya tatu ina msumari alioukunja akaona uvivu kuung'oa. Kila nikienda kule nilimkuta mama akizipitishia vidole kabla ya kuchukua kitu, na nilimtania kwamba bado anamshika baba mkono. Alicheka. Nilidhani kweli anamkumbuka mumewe, na nakuambia bila kuficha, nilimwonea baba wivu. Nilitaka mama aone kazi ya mwanawe.

Nikatengeneza droo sita zinazofanana kama mapacha. Upana mmoja, vishikio vya aina moja, mbao nimezipiga msasa mpaka zikawa kama kioo. Unga na mchele nikaviweka chini kwa kuwa ni vizito, chumvi na majani ya chai juu. Mama akapitisha mkono, akasema imependeza sana, mwanangu, na sifa zikanivimbisha kichwa. Sikujiuliza kwa nini alifungua moja tu akaifunga bila kutazama ndani.

Baada ya hapo nikawa nikipita jioni namkuta anakunywa chai ya rangi na mkate. Akasema hana hamu ya kupika. Mama yetu huyu, dada, aliyekuwa akitupigia kelele tusilale na njaa. Na mimi nikaamini.

Wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, nilipita kumpelekea nyanya. Nilikuta mlango wa jikoni wazi, naye yuko chini, ubavuni, mguu umegeuka vibaya. Nilikuambia sakafu ilikuwa na maji. Sakafu ilikuwa kavu, dada. Droo ya chini kabisa ilikuwa imevutwa mpaka mwisho, na ukingo wake ulikuwa umemchuna kwenye muundi. Alivuta moja akitafuta chumvi, akaiacha, akavuta nyingine, akageukia jiko, akajikwaa.

Sasa hili ndilo linaloninyima usingizi, na wifi yako hajui. Kabla sijamwinua mama, niliifunga ile droo. Niliisukuma kwa mguu. Mama yangu yuko chini analia kwa maumivu, na mimi wazo langu la kwanza ni kwamba jirani asije akaona kazi yangu imefanya nini. Ndipo nikapiga magoti. Mama hakunitazama usoni, alitazama karibu na sikio langu, akaniuliza taratibu kama nimeifunga. Nikasema ndiyo. Akaniambia basi tuseme sakafu ilikuwa na maji.

Nilifikiri ananisitiri. Alikuwa anajisitiri na yeye pia. Hospitali daktari alimmulika macho kwa tochi, akanivuta pembeni akaniuliza mama ana muda gani haoni. Nilimbishia, nikamwambia mama anapika, anafagia, anamwagilia maua. Akaniambia anachoona ni mwanga wa dirisha basi, na ni zaidi ya mwaka. Na magoti yake, akasema, ni ya msichana. Magoti yalikuwa kisingizio cha kushika mkono wa jirani barabarani.

Nilipomuuliza, mama hakukataa. Alisema penye fundo ilikuwa sukari, penye msumari ilikuwa chumvi, rafu iliyopinda ilikuwa ya unga. Hakuhitaji macho jikoni kwake. Nikamlilia kwa nini hakuniambia nilipokuwa nikipima. Akasema angeniambia mimi, ungejua wewe, na wewe mwaka ule tulipomzika baba ulisema siku mama akishindwa kujiangalia tutaifunga nyumba umchukue. Ulisema kwa upendo, najua, nami niliitikia kwa kichwa pale pale. Lakini yeye tangu siku hiyo ameishi kama mpangaji anayeogopa notisi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema. Yeye kaumbuliwa na mwanawe na msasa wake.

Juzi nilimwambia nitazing'oa droo zote, nirudishe rafu za baba kama zilivyokuwa, na msumari wake uliokunjika. Uso wake ukachangamka kidogo, akaniuliza mbao nimeziweka wapi. Ilinibidi nimwambie nilizigawa kuni. Akakunja na kukunjua pindo la shuka. Halafu akanishika mkono, akasema niziache tu, kazi ni nzuri, na atakayehamia pale atazifurahia.

Kwa hiyo kuhusu swali lako la kwanza, daktari anasema miezi miwili. Mama anasema harudi. Anasema umwandalie chumba kisicho na ngazi.

Njoo, dada, lakini nakuomba usije kumchukua. Njoo ukae kitandani pake umwambie kwa mdomo wako kwamba nyumba ni yake, anaona au haoni. Mimi nimeshamwambia, akanipapasa kichwa tu kama mtoto. Wewe ndiye anayekuogopa, kwa hiyo wewe ndiye atakayekuamini. Ukinikasirikia nipo, nipige hata makofi, ila nipige mbele yake tukiwa jikoni kwake.

Msalimie shemeji, wabusu wapwa zangu. Mama anakusalimu sana. Hajui ninachokuandikia, anadhani nakueleza bei ya dawa.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki na mama,
Msumari uliokunjika