Chumba cha Nyuma Alichokipima Mthamini

Nyumba ya kona,
Mtaa wa Shule.
Jumapili, 16 Agosti

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. U hali gani? Kile kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila Mama miguu inamsumbua. Hata zile ngazi tatu za bafuni alikuwa akizipanda kwa kupumzika. Simu yako inaita tu bila kupokelewa, mwezi wa pili sasa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Niliomba mkopo benki tumalizie nyumba: bafu la chini la Mama, na kile chumba chako cha nyuma. Si unajua ulikiachia kwenye lenta. Hakikuwa na paa wala mlango, na ndani magugu yalikuwa yamenifika kiunoni.

Benki wakamtuma mthamini, bwana mmoja mpole mwenye miwani. Alikuja saa nne asubuhi, mimi niko kazini na Mama kajilaza. Baada ya wiki nikaitwa kusoma ripoti. Sebule sawa, jiko sawa. Nikafika chumba cha nyuma: “Kimekamilika. Sakafu ya saruji, dari, dirisha moja.” Na picha ipo: kitanda kimetandikwa, pazia la bluu limepeperuka kidogo.

Nikamwambia ofisa wa mikopo kwamba chumba hicho hatuna. Akacheka. “Dada, watu huja hapa kulalamika wamepunguziwa. Wewe umeongezewa, unalalamika?”

Sikufichi, Kaka, kalamu niliishika. Kwa thamani ile tungemaliza kila kitu. Lakini nikaitazama tena ile picha, nikairudisha kalamu mezani. Nikaomba mthamini arudi.

Alirudi Jumanne mchana, jua la utosi. Nikampitisha uani. Alipoona kuta tupu na anga juu yake, akatoa picha akailinganisha na dirisha. Tundu lilikuwa lilelile, mpaka tofali lililomeguka pembeni. Akajikalia juu ya rundo la kokoto, hajali suruali.

“Mimi niliingia humu,” akasema. “Nilifunguliwa mlango.”

“Na nani?”

“Na kaka mmoja, miguuni ana soksi tu. Alinishikia ncha ya futi kamba, akaniambia nisipige kelele, Mama amelala. Sikio lake la kushoto limekatika ncha.”

Habari za sikio lako sikuwa nimemwambia mtu. Nikageuka, kumbe Mama yuko nyuma yetu, ameshika ukuta. Nilidhani ataanguka. Akauliza neno moja tu:

“Alikuwa amekonda?”

“Hapana, Mama. Alikuwa na afya yake.”

Mama akashusha pumzi, akarudi zake jikoni.

Mthamini akaandika upya: chumba hakijakamilika. Mkopo ukapungua, ila umetoka. Bafu limekwisha, Mama anaoga bila kushikwa mkono. Wiki iliyopita mafundi wamepiga bati chumba chako. Bado plasta na mlango. Mama hakungoja. Ameingiza kitanda cha zamani, akakitandika mwenyewe, na amesema katakata mlango utakaokuja usiwekewe kufuli.

Jana asubuhi niliingia kufagia. Shuka lilikuwa limekunjwa mara nne, pembe zimeingizwa ndani, limewekwa juu ya mto, vile unavyokunja wewe peke yako katika nyumba hii. Mama ameapa hajaligusa. Mimi pia sijaligusa. Nilifagia haraka, nikatoka kinyumenyume.

Ile picha mthamini hakutaka kubaki nayo, nami sitaki iwe ndani ya nyumba. Nimeiweka humu kwenye bahasha. Itazame ukiwa umekaa, kisha uniambie kama ndicho chumba unacholala huko. Mengine sikuulizi.

Shangazi na mapacha wake wanakusalimu sana. Nisalimie yule mpishi unayekaa naye. Na kama barua hii ataifungua yeye, basi naye tafadhali asiogope kutuandikia.

Mama anasema Mungu akulinde mahali ulipo, na mahali unapoonekana.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye, ninayesubiri mwandiko wako.