Uji wa Mama Pudentienne

Uvira, Ijumaa asubuhi

Agathe, dada yangu,

Salamu nyingi sana. Huko Luvungi muko wazima? Mume wako Rémy na watoto wanaendelea je? Siye huku tunasukuma siku. Kipindupindu kimeingia mtaani mwetu. Kwa wiki mbili tumezika watoto watatu. Barua hii nampa Aimé wa pikipiki, maana kwa simu ningesikia sauti yako nikashindwa kusema.

Ni juu ya mama yako, jirani yangu Mama Pudentienne. Tangu Jumatatu hakuna anayenunua uji wake pale robine, bomba letu la maji. Wanasema alitia unga wa sumu mu maji yetu. Juzi walirusha mawe juu ya mabati yake, wakaapa kwamba mutu mwingine akianguka wataichoma nyumba naye akiwa ndani. Nimemsihi aje kwako. Anasema yeye hakimbii maneno. Weye hatakukatalia.

Unajua niko nasoma Kichina, nipate kazi ya kutafsiria wafanyabiashara. Sasa mwalimu anatusomesha hadithi za zamani sana za Wachina. Nilidhani ni za wafalme, kumbe ni za watu wa mjini kama siye: wauzaji, wapangaji, majirani wenye domo. Nilizipenda, weye! Moja ni ya mjane aliyeuza supu karibu na kisima. Watu wakaanza kufa, na jirani akasema alimwona akitia unga kisimani. Mwalimu alitupa nusu tu.

Agathe, ni minye niliyeanzisha maneno haya. Nusu ile niliwasimulia wamama kwenye foleni ya maji. Majina ya Kichina yaliwachekesha, nikayaacha. Kisima nikakiita robine, supu nikaiita uji, ili waelewe vizuri. Ole wangu, walielewa.

Jumatano nusu ya pili ikafika. Mjane hakuwa na kosa. Unga ulikuwa dawa ya kusafisha maji. Majirani walijua nyumba yake ikiwa tayari majivu. Nilikimbia robine kuwamalizia hadithi. Mama Nicole, aliyezika mtoto wake, akaniuliza mama yako amenipa nini ili nibadilishe hadithi. Basi jana nikanywa uji wake mbele ya wote, kikombe kizima, waone kwamba hauna neno.

Sasa hili usimwambie mutu, hata Aimé. Tangu alfajiri ninahara maji matupu, na miguu inakaza. Siyo uji, ni robine; sote tunakunywa pale. Lakini wakiniona nabebwa kwenda hospitali, watapitia kwake kwanza. Nimejifungia, nasema niko natayarisha mtihani. Panda pikipiki hiyo hiyo ya Aimé, umtoe mama yako kabla sijaita mutu. Kunisamehe utafikiria mukishafika Luvungi.

Wabusu watoto. Mama yako anakusalimia. Amenipitishia kikombe cha uji dirishani, nisisome na njaa.

Ni minye,
Josée