Limi Alisema Ukweli

Mwadila mayu,

Mvua imenifungia Lamadi, kwenye kibanda cha samaki. Anayenikaangia sato ni Limi, aliyekuwa fundi kompyuta wa kampuni ya ndege za watalii. Mwaka jana ofisi yetu ya ukaguzi ililinganisha usalama wa kompyuta za kampuni mbili, yao na ya washindani wao. Limi alituambia wazi kuwa wezi waliingia kwenye kompyuta zao wakachukua nakala za pasipoti za abiria. Wale wengine walikana kila kitu, bosi wangu akawapa alama za juu na kuzitangaza. Watalii wakahamia huko, kampuni ya Limi ikafungwa.

“Wale wengine nao walikuwa wameibiwa,” ameniambia leo. “Ningenyamaza, ningekuwa na kazi.”

Kesho naingia ofisi nyingine kuuliza maswali yaleyale, na sijui nani atathubutu kunijibu kweli.

Niombee, mayu. Wasalimie wote Malampaka.

Mwanao Masanja