Macho ya Meli za Bwana Hollis

Kericho,
9 Juni 1974

Kwako kaka yangu mpendwa, Gekara,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na mvua ya mawe. Sisi tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Celine anakusalimu, bado anachuma chai, na bado anajisifu kwamba kikapu chake hujaa kabla ya cha mke wa yeyote. Mimi ni goti tu linalonisumbua nikipanda kwenda karakana. Na ninyi huko Chepilat mnaendeleaje? Shemeji Bitutu hajambo? Kifua cha mama kilipata nafuu? Na yule ng'ombe mweupe aliyekataa kukamuliwa, mlimuuza au bado anawapiga mateke? Nijibu yote, hata ya ng'ombe.

Habari kubwa ni kwamba Bwana Hollis anaondoka. Shamba limepata meneja mwingine, na wiki iliyopita Bwana alikuwa akifunga vitu vyake. Aliniita, akanipa kopo la biskuti, akasema vilivyomo ni vyetu zaidi kuliko vyake. Nilijua kabla sijafungua. Ni zile meli, Gekara. Zote kumi na mbili.

Sijui kama wewe huzikumbuka. Mimi hazinitoki akilini. Ilikuwa mwaka wa sitini na tatu, uhuru ukikaribia, na Bwana alikuwa na ule mchezo wake wa vita vya baharini. Kila Jumamosi yeye na Wazungu wenzake wawili walisukuma meli juu ya meza ya chakula na kurusha dadu kuamua nani amezama. Tulivyocheka siku ya kwanza kuona watu wazima wenye ndevu wakigombana juu ya kitambaa cha bluu! Kisha zikaja kwa posta meli za madini ya risasi, ndogo, hazizidi kidole gumba, zote sura moja, na Bwana akataka zigeuzwe ziwe meli za matanga za Wachina. Alikupa wewe kwa sababu fundi mwingine yeyote wa karakana angezivunja kwa kuzishika tu. Kitabu chake kilikuwa na picha moja, tena hafifu, nacho alituazima kwa siku moja.

Wewe na mimi hatukuwa tumeona bahari. Maji makubwa tuliyoyajua ni ya mto Sondu ukifurika. Lakini ulikata ile milingoti zilizokuja nayo kwa wembe, ukaweka mipya ya mianzi uliyoitoa kwenye ua wa Kipkoech, mpishi wa Bwana, naye akatufokea wiki nzima. Matanga uliyakunja kutoka kwenye ile karatasi ya kung'aa inayotandikwa ndani ya masanduku ya chai, ukayabandikia mbavu za vijiti moja moja huku umezuia pumzi. Nyuma ya kila meli ukainua kwa kipande cha plaiwudi, kama picha ilivyoonyesha. Mimi kazi yangu ilikuwa rangi, kwa kuwa nilizoea kuchapa namba kwenye masanduku. Nilipaka matanga rangi ya kutu, ubavu kijani, na mwishowe macho mawili kwa kila meli, meupe yenye kitone cheusi. Bwana alisema Wachina huichorea meli macho mbele ili ione njia.

Miezi mitatu tulikaa kwenye kibaraza chetu kule kambini, mvua ikipiga mabati, harufu ya chai inayokaushwa ikitufikia kutoka kiwandani, wewe ukipiga mluzi wa nyimbo za kanisa na kunikataza mimi kupiga wangu kwa sababu eti ninaharibu sauti. Sijapata tena furaha ya namna ile. Nasema hivyo bila aibu, ingawa nina mke na watoto watano.

Mwisho wake unaujua. Siku ile ilikuwa Sabato na wewe ulikuwa ibadani, kwa hiyo meli nilizipeleka mimi, mvunja Sabato. Bwana alizipanga mezani. Wenzake wakatazama, wakatazamana, wakaanza kucheka hata mmoja akamwaga chai. Macho yote yalikuwa nyuma! Walisema jeshi la Hollis linakimbia vita kabla havijaanza. Bwana akawa mwekundu, akaniuliza kosa ni la nani. Nikajibu kwamba wewe ndiwe uliyekwaruza alama ya mbele chini ya kila meli kwa msumari, na mimi nilifuata alama. Kwa hasira hakuzigeuza hata moja, akasema nirudi nazo, Jumatatu atakuja karakana azione alama hizo mwenyewe.

Jumatatu akazigeuza mbele yetu, na kweli, alama zote zilikuwa upande wa nyuma, ule ulioinuka. Yeye alicheka tu, akaniambia nihamishe macho, na kufika mchana alikuwa amesahau. Wewe hukucheka. Ulishika meli moja kwa muda mrefu, ukiigeuza na kuigeuza. Ulisema unakumbuka vizuri ulivyoweka alama upande ule mwingine, na kwamba mtu asiyejua mikono yake imefanya nini hafai kushika msumeno karibu na watu. Mwisho wa mwezi ukaacha kazi, ukaenda nyumbani. Nilikuambia unakuza mambo madogo.

Juzi mzee wa kanisa lenu, Nyamwange, alipita hapa. Alituambia kwamba kanisa jipya halina viti, kwamba walikuomba uwatengenezee, ukakataa. Ulimwambia kwamba wewe hukuwa fundi kamwe, ulijidanganya tu ujanani. Celine alishangaa. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Sasa soma polepole, kaka. Alama zako zilikuwa sawa. Zote kumi na mbili.

Uliniambia mara mbili kwamba penye alama ndipo mbele. Lakini mimi nilitazama ule upande ulioinuka nikaona ndio kichwa, kwa maana ng'ombe akitembea hutanguliza kichwa, nacho kiko juu. Nikadhani umekosea. Tena nilifurahi, kwamba angalau mara moja mimi ndiye niliyejua. Nikachora macho huko bila kukuuliza. Baada ya kicheko cha wale Wazungu niliogopa kufukuzwa, na Jumapili ulipokwenda Kaplong kumwona shangazi, nilichukua msasa nikafuta alama zako, kisha nikachukua msumari wako nikakwaruza zangu upande wa pili. Uliporudi ulikuwa umeniletea ndizi mbivu kutoka kwa shangazi, nami nikazila.

Miaka kumi na moja nimekuja kwako kila Desemba nikinyamaza. Nimekutazama ukimlipa fundi kutoka Kaplong aje akutengenezee mlango wako mwenyewe. Naona haya, Gekara. Sina neno lingine.

Nyamwange anakuletea barua hii pamoja na lile kopo. Ndani yake kuna meli moja, nyingine ziko kwangu. Igeuze uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Wewe hukwaruza kwa nguvu, na msasa wangu haukufika chini. Utaona alama mbili, yako iliyofifia na yangu. Usiniamini mimi, amini risasi. Kama hutaki kuniona Desemba, nitaelewa, Celine atakuja na watoto. Lakini watu wa Mungu wamechoka kukaa kwenye matofali. Watengenezee viti vyao.

Nisalimie mama, ila usimwambie haya; nitamwambia mwenyewe, anipige kwa mwiko kama atataka. Msalimie Bitutu, na majirani wote wanaoniuliza.

Ile meli nimeikwangua na kuipaka upya, chini tu sikugusa, rangi ya kutu na kijani kama zamani. Macho sijachora. Rangi nyeupe na nyeusi zimo kwenye kopo pamoja na brashi. Wewe ndiwe unayejua mbele ni wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Hezekiah Nyaberi