Alhamisi ya Kwanza Bila Kufunga

Jumatano, baada ya Alasiri. Makorora leo joto linakera, na mimi bado nimeduwaa.

Kesho napimwa kibofu. Si kipimo cha sindano wala cha kuwekewa mpira. Unakojoa kwenye faneli iliyounganishwa na mashine, nayo inasoma mkojo unatoka kwa kasi gani. Nilidhani hilo ndilo la kuona haya. Kumbe bado.

Asubuhi nilikwenda kuchukua maelekezo. Muuguzi, binti wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu, aliniamkia shikamoo, kisha akaniambia kesho ninywe maji ya kutosha na nifike nimebanwa. Nikamjibu kwamba Alhamisi huwa nafunga.

"Ukifunga, baba, hatutakuwa na cha kupima."

Hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kufunga kwangu.

Sijawahi kuyaandika haya popote. Nafundisha hesabu Raskazone, na mwaka wa pili sasa simalizi kipindi bila kukimbilia chooni. Nikifika huko nachuchumaa weee, yanatoka matone. Wanafunzi wakaanza kunicheka. Basi nikaomba vipindi vyangu vya mfululizo viwekwe Jumatatu na Alhamisi, siku za sunna, nikawa nafunga ili nisinywe kitu. Walimu wenzangu wananiita shekhe. Kila hafla, dua naombwa niisome mimi.

Na ninaisoma.

Mke wangu, Zuhura, naye akaanza kufunga pamoja nami. Nikajipongeza kwamba nimemvuta kwenye heri.

Leo niliporudi nilimkuta uani anakuna nazi, akaniuliza daku nitakula nini. Nikamwambia kesho sifungi, na mengine yote yakanitoka hapohapo, kipimo, chooni, vipindi. Nikangoja anikasirikie.

Hakuinua hata kichwa.

"Nilijua zamani, Baba Rehema. Ukiingia chooni hutoki. Na mtu aliyeshinda na kiu hafuturu kwa funda moja la maji."

Nikamuuliza, sasa yeye alikuwa anafunga kwa nini?

"Ili usifuturu peke yako."

Akaendelea kukuna nazi yake. Mimi nikaja kukaa huku chumbani, na hadi sasa sijatoka.

Kesho nitakwenda, na maji nitayanywa mchana kweupe. Hilo halinitishi tena. Ila muda wote huu nimemshindisha mtu na kiu kwa ajili ya aibu yangu, naye akanyamaza. Nitamtazamaje akinimiminia hayo maji?